Gorila, majani yanayowasha na mpaka

GISENYI — Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliyesimama Grande Barrière akitazama kaskazini huuona mlima Nyiragongo upande wa Kongo. Hapa chini watu wako foleni, kila mmoja na karatasi yake mkononi, wa kwenda Goma na wa kuja huku. Juu zaidi, kwenye misitu ya Mikeno na Karisimbi, kuna majani yanayoota pande zote za mpaka, na walaji wake hawajawahi kugongewa muhuri.

Wanasayansi huyaita Laportea alatipes. Wanyarwanda husema igisura kwa majani yanayowasha ya aina hii. Wengi wetu tungesema upupu, ingawa upupu hasa ni wa jamii ya maharage. Ni mmea laini wa kivulini, penye unyevu, na vinyweleo vyake vinachoma. Gorila wa milimani wanaula kila siku.

Mtafiti Richard Byrne aliwafuatilia gorila wa upande wa Rwanda akaeleza namna wanavyoula. Gorila hushika shina, akavuta kiganja kwenda juu mpaka majani yakabaki mkononi. Huondoa vikonyo, hukunja majani ili sehemu inayowasha ifunikwe ndani, kisha hutia fungu zima mdomoni. Binadamu mwenye glavu hafanyi vizuri zaidi.

Wakihama, hawaulizi. Mwaka 2019 familia ya Hirwa ilitoka Rwanda ikaingia hifadhi ya Mgahinga, Uganda. Februari 2020 wanne kati yao walikufa huko, inaaminika kwa radi, na Kigali ikahuzunika sawa na Kampala.

Shoka nalo haliulizi. Mwaka 2004, sekta ya Mikeno upande wa Kongo, takriban hekta 1,500 za msitu zilifyekwa kwa ajili ya mashamba na malisho, hadi ukajengwa ukuta wa mawe kuuzuia uharibifu. Mti ukianguka kivuli huondoka, na mmea wa kivuli huondoka nacho.

Sensa ya 2015 na 2016 ilihesabu gorila 604 katika milima hii. Mwaka 2015 pia nchi tatu zilitia saini mkataba wa kuihifadhi kwa pamoja. Lakini tangu 2007 waasi wameishika Mikeno zaidi ya mara moja, na askari wa hifadhi wakalazimika kuwaacha gorila bila mlinzi. Saini haijawarudisha kazini siku hizo.