Dadu Humlinda Mchezaji Mpole

Mwaka 1876 afisa wa jeshi la Prussia, Julius von Verdy du Vernois, alitoa pendekezo ambalo wapenzi wa michezo ya kuigiza wahusika mezani wangali wanalibishania. Kwa zaidi ya nusu karne wenzake walikuwa wakijifunza vita juu ya ramani kwa mchezo wa Kriegsspiel, uliochapishwa 1824 na Luteni Georg von Reisswitz, wenye dadu na majedwali ya kukokotoa hasara ya kila shambulio. Ulikuwa mzito, ukila muda. Verdy akasema majedwali yawekwe kando, mwamuzi mwenye uzoefu akate shauri mwenyewe.

Michezo ya leo ya kuigiza ni vitukuu vya Kriegsspiel. Watu wanne au watano huketi mezani, kila mmoja na mhusika wake: mwizi, mchawi, askari. Msimamizi husimulia yaliyo mbele yao, wao husema wanachofanya, na penye shaka dadu hurushwa. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson ilitoka Marekani 1974 ikiwa vijitabu vitatu vyenye mapengo mengi, na waandishi wenyewe waliwahimiza wasomaji wayazibe kwa ubunifu wao. Miaka mitano baadaye Gygax alitoa mwongozo wa wasimamizi wenye kurasa zaidi ya 200, akitaka meza zote zicheze kwa namna moja.

Wakongwe wengi husema kanuni si kitu: ukipata kundi zuri, kitabu chochote kinafaa. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Verdy alikuwa katika makao makuu ya jenerali wa Prussia, Moltke, wakati wa vita dhidi ya Ufaransa, 1870 hadi 1871. Aliyoyatupa yalikwisha kukaa kichwani mwake. Mtu kama huyo ukimwondolea kanuni hapungukiwi kitu. Lakini waondolee wanafunzi watano wa sekondari waliokutana leo, uone mwenye sauti kubwa anavyoshinda kila pambano, na msimamizi anavyompendelea rafiki yake bila hata kujitambua. Yule mpole wa pembeni hana pa kushika. Dadu ndiyo inayompa haki yake: ikilala kwenye 20, namba yake ya juu kabisa, mbabe wa meza hana la kusema.

Kanuni pia humpa mchezaji tamaa na hofu zake. Katika matoleo ya awali ya Dungeons & Dragons, kila kipande cha dhahabu ulichotoka nacho salama pangoni kilikuletea pointi moja ya uzoefu. Kwa hiyo watu walinyata, wakahonga, wakalikwepa joka na kuiba hazina yake. Kupigana ilikuwa hasara. Toleo la 2000 liliweka uzito wa pointi kwenye kuwashinda maadui, na panga zikachomolewa mapema. Waweke watu walewale kwenye meza ileile: badilisha kinacholipa, na mwenendo wao utabadilika.

Bila shaka mtu anayedharau wenzake hatibiwi na kitabu. Huyo aambiwe ukweli, au asialikwe tena.

Kanuni ninayoipenda kuliko zote imo katika Dread, mchezo wa kutisha wa Epidiah Ravachol. Hauna dadu. Katikati ya meza husimamishwa mnara wa Jenga, ule mchezo wa vipande vya mbao uliobuniwa na Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki. Mhusika wako akitaka kufanya jambo la hatari, unachomoa kipande. Mnara ukianguka mkononi mwako, mhusika ametoka mchezoni, mara nyingi kwa kifo. Kadiri usiku unavyosonga ndivyo mikono inavyotetemeka, hata ya mtu asiyejua kuigiza kabisa.

Tena mchezaji anaruhusiwa kuuangusha mnara kwa makusudi. Mhusika wake anapotea, lakini alichokusudia kinatimia, na waliobaki huenda wakaokoka. Hapo nakubaliana na wakongwe: kanuni hiyo inamngoja mtu anayewajali walioketi naye kiasi cha kunyoosha mkono.