Ndege Mdogo wa Vilima vya Taita

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, afikapo Voi na kutazama upande wa magharibi, huviona vilima vya Taita vimeinuka juu ya nyika kavu, na vilele vyake aghalabu vimefunikwa na ukungu uletwao na pepo za Bahari ya Hindi. Katika misitu ya huko juu, wala si mahali pengine popote ulimwenguni, huishi apalisi wa Taita, ndege mwimbaji mwenye mgongo mweusimweusi na tumbo jeupe, ambaye wataalamu walimjua kwa maandishi ya Reginald Moreau, aliyekuwa akifanya kazi Amani katika milima ya Usambara, mwaka 1938.

Leo ndege huyu amewekwa katika daraja ya viumbe walio karibu mno kutoweka. Sababu yake ni dhahiri: misitu ilifyekwa kwa ajili ya mashamba, mbao na kuni, hata ikabaki vipande vilivyotengana, na Ngangao, ambao ni miongoni mwa vilivyo vikubwa, hauzidi sana hekta 120. Apalisi hutafuta wadudu vichakani, chini ya miti mirefu. Basi vichaka hivyo vikikatwa, au vikiliwa na mifugo, hukosa chakula na maficho, ijapokuwa miti mikubwa ingali imesimama.

Kwa hiyo si kila penye kijani pana msitu. Misonobari na mikaratusi iliyopandwa vilimani humpa mtu mbao na kuni, na katika hayo ina manufaa yake, lakini haiwezi kushika mahali pa miti ya asili pamoja na vichaka, kuvu na wadudu wake. Tena msitu wa asili ndio unaonasa ukungu na kuhifadhi maji ya chemchemi zinazowanywesha watu na mashamba yao mabondeni.

Wazee wa Kitaita walikuwa na misitu yao mitakatifu, iitwayo fighi, ambayo haikuruhusiwa kukatwa ovyo. Kwa hiyo hifadhi si jambo geni katika nchi hiyo. Lililobaki ni kuviacha vichaka vikue, kuotesha miche ya asili, kuipanda baina ya vipande ili viungane, na kumpa mwenye shamba jirani kuni na riziki kwa njia nyingine; maana haitakuwa insafu kumtwisha maskini peke yake gharama ya amana iliyo ya taifa zima.