Paka Mgeni Ndani ya Nyumba: Kabla Hujanunua Sumu

Miezi ya Juni hadi Agosti usiku wa Soitsambu huwa na baridi kali, na nyumba yenye makaa yaliyofukiwa majivu huwavutia wengi zaidi ya wenye nyumba. Tuchukue mfano wa mama wa boma moja. Anaamka alfajiri na kukuta kibuyu cha maziwa kimeangushwa na nyayo ndogo zimepita kwenye majivu. Usiku wa tatu anamwona mgeni wake: paka mwembamba, asiye wa mtu, anayetokomea kwenye upenyo ulio chini ya paa. Siku ya gulio mama huyo anarudi na kipakiti cha karatasi chenye punje ambazo muuzaji amemhakikishia kwamba humaliza kazi kwa usiku mmoja. Makala hii inahusu kipakiti hicho zaidi ya kumhusu paka.

Kwanza ni vema kujua aliyeingia ni nani. Soitsambu ipo katika Wilaya ya Ngorongoro, upande wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na si kila chenye mkia kinachopita gizani ni paka. Mnyama mwenye uso mchongoko, madoadoa mwilini na mkia mrefu wa pingilipingili ni kanu. Mwenye umbo la paka hasa, lakini miguu mirefu, rangi ya mchanga au kijivu, wekundu nyuma ya masikio na ncha nyeusi ya mkia, yaelekea ni paka pori. Huyu ni jamaa wa karibu sana wa paka wetu wa nyumbani, ambao ukoo wao ulianza kuishi na watu huko Mashariki ya Kati yapata miaka 10,000 iliyopita, nafaka zilipoanza kuwekwa ghalani na panya wakazifuata. Hata leo wawili hao huzaliana, hivyo kuwatofautisha usiku ni kazi ngumu. Tofauti hiyo ina uzito wa kisheria: wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumuua mmojawapo bila kibali si jambo la nyumbani tena. Paka wa kawaida naye hakuachwa bila ulinzi, kwani Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili dhidi ya wanyama.

Paka huja kwa sababu tatu: chakula, panya na joto. Atakayeondoa mbili za mwanzo atakuwa amekwisha kumwondoa mgeni wake kwa sehemu kubwa. Maziwa yafunikwe na kuwekwa juu, mabaki ya nyama na kondo la nyuma la mbuzi aliyezaa visiachwe karibu na mlango, na mahindi yahifadhiwe kwenye pipa lenye kifuniko. Tunatambua kwamba ushauri wa kuziba matundu ni rahisi kuuandika ofisini. Nyumba ya fito, udongo na samadi haizibiki kama ya tofali. Hata hivyo kipande cha wavu wa kuku kilichokazwa kwenye upenyo mmoja anaoupenda paka huyo kinatosha mara nyingi, maana paka ni mnyama wa njia ileile. Kabla ya kuziba, hakikisha hajaacha watoto ndani.

Turudi kwenye kipakiti. Kiuatilifu halali huuzwa kikiwa katika chombo chake cha awali, chenye lebo inayosomeka inayoonyesha jina la kiambato, namba ya usajili, mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi na maelezo ya huduma ya kwanza. Usajili huo hufanywa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Punje zilizopimwa kwa kijiko na kufungwa katika kipande cha gazeti hazina hata kimoja kati ya hayo. Zinaweza kuwa sumu ya panya, na zinaweza kuwa dawa kali ya wadudu wa shambani, ambayo humfanya aliyeila atokwe na mate mengi, mboni za macho zisinyae, atetemeke na kushindwa kupumua. Mtoto akizila, daktari atauliza swali moja kabla ya mengine: amekula nini? Mnunuzi wa kipakiti hana jibu.

Hata sumu inayomuua paka aliyekusudiwa haiishii kwake. Mzoga hutupwa nje ya boma, mbwa wa ulinzi huula, na tai hushuka. Sumu halali ya panya nayo mara nyingi huua kwa kuzuia damu isigande, na hufanya hivyo baada ya siku kadhaa. Katika siku hizo panya huendelea kutembea, na paka yeyote, hata yule uliyemfuga kwa ajili ya panya haohao, humla.

Ipo hatari nyingine isiyosemwa sana. Wapo wanaomhurumia mgeni, wakamkuta amejaa viroboto, wakampaka dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyobaki. Mwili wa paka hauwezi kuvunja baadhi ya kemikali ambazo ng'ombe huzistahimili, permethrini ikiwa mojawapo, na paka hujilamba, hivyo kilichopakwa manyoya huishia tumboni. Dawa yenye picha ya ng'ombe ni ya ng'ombe.

Kuhusu kuumwa hatutapunguza maneno. Jina «kichaa cha mbwa» limewapotosha wengi, kwa kuwa ingawa mbwa ndio waenezaji wakubwa kwa binadamu, paka huambukizwa na huambukiza. Dalili zikishaanza kwa mtu, ugonjwa huo huua karibu kila mara. Kabla ya dalili, chanjo huuzuia. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, usilifukie kwa tumbaku wala samadi, kisha nenda kituo cha tiba siku hiyohiyo. Piga simu kwanza kuuliza kama chanjo ipo, kwani si kila zahanati huwa nayo, na huenda ukalazimika kufika Hospitali ya Wasso. Chanjo hutolewa kwa awamu: dai kadi iliyoandikwa tarehe zote, na usiache awamu hata moja kwa sababu jeraha limepona. Mtaarifu pia ofisa mifugo. Paka aliyeuma akiwezekana kufungiwa salama, huangaliwa kwa siku 10. Akifa au akiwa ameuawa, asiguswe kwa mikono mitupu wala kufukiwa kabla ofisa hajaelekeza, kwa kuwa kichwa chake ndicho kinachopimwa maabara.

Ukiamua kumkaribisha, na wengi huishia hapo kwa sababu ya panya, fahamu kwamba paka mkubwa asiyewahi kuzoea watu huenda asishikike maisha yake yote; watoto wake wa wiki chache ndio wanaofugika. Mjamzito asishike kinyesi chake. Chanjo ya kichaa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Unapoilipia, omba kuona chupa inatoka wapi: chanjo hukaa kwenye jokofu au kasha lenye barafu, kati ya nyuzijoto 2 na 8. Iliyotolewa mfukoni mwa koti umeuziwa maji. Anayeichoma awe amesajiliwa au kuorodheshwa na Baraza la Veterinari Tanzania, na akuachie cheti chenye namba ya toleo la chanjo.

Na kama kipakiti cha gulioni kimekwisha kununuliwa, usikimwage mtoni wala chooni, wala usikichome. Kifunge ndani ya chupa yenye kifuniko, kiweke mbali na watoto, andika siku na mahali uliponunua, kisha kikabidhi kwa ofisa kilimo au ofisa mifugo wa kata.