Redio ya Gari Isiyolala: Funzo Kutoka Ekero



Redio ya gari imekuwa mwenzetu wa safari. Watoto husikiliza kisomo cha Kurani wakipelekwa madrasa, na njia ndefu hufupishwa kwa mawaidha. Lakini hakuna sehemu ya umeme wa gari inayopitiwa na mikono mingi kama hiyo. Fundi mmoja hubadili redio, wa pili huongeza spika, wa tatu hutia amplifaya, na kila mmoja huacha nyaya zake nyuma ya dashibodi. Hapo ndipo huzuka mambo mawili ya kuhofiwa: gari kukataa kuwaka usiku wa mgonjwa, au waya kuungua watoto wakiwa ndani.

Ekero ni soko lililo karibu na Mumias, katika kaunti ya Kakamega, nchi ya miwa. Sisi watu wa Pwani si wageni huko, kwani misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilifika katika himaya ya Wanga tangu karne ya 19, na Uislamu ukashika mizizi Mumias. Tulipowazuru jamaa zetu, tulimkuta dada yetu mwenyeji katika dhiki. Ana gari la mtumba kutoka Japani, na mwanawe mdogo ana pumu. Gari likizimwa Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi haliwaki. Alikwisha kununua betri mbili ndani ya mwaka mmoja, na kila fundi alimwambia, "Mama, betri hii mbovu." Hakuna hata mmoja aliyepima.

Aliyemtoa dhikini ni kijana wa pale pale Ekero, mwenye mita ya kupimia umeme na subira. Tuliyoyaona kwake ndiyo tunayotaka familia zetu ziyajue, maana anayeijua njia ya umeme hadanganyiki kwa urahisi.

Umeme wa gari huzunguka kama duara. Hutoka kwenye chanya ya betri, hupita katika fyuzi, huingia redioni, kisha hurudi kwenye hasi ya betri kwa kupitia bodi ya gari. Duara likikatika mahali popote, redio hunyamaza. Katika redio nyingi zinazouzwa madukani, waya wa njano huleta umeme wakati wote ili redio ihifadhi saa na stesheni, mwekundu huleta umeme ufunguo unapofunguliwa, na mweusi hurudi kwenye bodi. Redio ikisahau stesheni kila ukizima gari, mshuku waya wa njano. Isipowaka kabisa, anza na fyuzi, kisha mwekundu, kisha mweusi.

Kijana yule alianza na betri yenyewe. Betri iliyojaa, gari likiwa limepumzika, husoma karibu volti 12.6. Ikishuka hadi 12 imekwisha kudhoofika sana. Injini ikiunguruma, kipimo hupanda hadi baina ya 13.8 na 14.4 katika magari mengi, na hiyo ni dalili kwamba altaneta inachaji. Vyote viwili vilikuwa salama. Basi betri haikuwa na kosa, bali kulikuwa na kitu kinachoinyonya.

Akazima gari, akafunga milango, akaunganisha mita baina ya nguzo ya hasi na waya wake, akangoja nusu saa hivi vyombo vya gari vitulie. Gari lililolala hunywa umeme kidogo mno, aghalabu chini ya ampea 0.05. Hili lilikuwa likinywa 0.4. Hesabuni nasi: tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni saa 60, na 0.4 mara 60 ni ampea-saa 24. Betri yake ilikuwa ya ampea-saa 40. Zaidi ya nusu ilikuwa ikimwagika gari likiwa limesimama!

Kisha akachomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku akiitazama mita. Alipochomoa ya amplifaya, namba ikaanguka. Chini ya kiti palikuwa na amplifaya ndogo. Chombo hicho huwa na waya mwembamba wa kukiamsha, ambao hupaswa kupokea amri redio inapowashwa. Aliyeifunga aliuunganisha na waya wa njano, wenye umeme usiku na mchana, kwa hiyo amplifaya haikupata kulala hata siku moja. Dawa yake ilikuwa kuuhamisha waya mmoja tu. Linganisheni hilo na bei ya betri mbili.

Zipo dalili nyingine ambazo familia hukutana nazo. Redio iliyokuja na gari la Japani huenda ikashika masafa ya FM ya 76 hadi 90 pekee, ilhali stesheni zetu ziko baina ya 87.5 na 108. Mafundi hutia kijisanduku cha kuhamisha masafa nyuma ya redio, nacho kina waya wake wa umeme. Waya huo ukilegea, stesheni hupotea, na mtu hudhani redio imekufa.

Spika zikitoa mlio mwembamba unaopanda kadiri injini inavyokazwa, umeme wa altaneta unaingia katika sauti. Tazameni kwanza waya wa hasi wa amplifaya: umefungwa juu ya chuma kitupu, au juu ya rangi na kutu? Sauti ikiwa juu, pimeni volti kutoka hasi ya amplifaya hadi hasi ya betri. Ikizidi 0.2 hivi, njia ya kurudi ni mbovu. Tena, nyaya za sauti zipite upande mmoja wa gari, na waya mnene wa umeme upite upande mwingine.

Fyuzi ikikatika kila inapobadilishwa, kuna shoti. Kagueni mahali nyaya zinapobanwa, hasa kwenye bawaba za milango na chini ya reli za viti.

Hapa tunasisitiza kwa nguvu zote: msikubali fyuzi ifungwe karatasi ya sigara au waya, wala ya ampea 10 ibadilishwe kwa ya 30 ati isikatike. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya. Ukiinyima kukatika, waya ndio utakaopata moto, nao umelala chini ya zulia, karibu na miguu ya watoto. Vilevile waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye amplifaya uwe na fyuzi yake karibu na betri, isizidi sentimita 45, ili ukichunika njiani umeme ukatike.

Anayefanya kazi hii aanze kwa kufungua hasi ya betri, na hasi iwe ya mwisho kurudishwa, ili spana ikigusa bodi isizue cheche. Ulizeni kwanza kama redio ina namba ya siri, maana baadhi ya redio za Japani hujifunga betri ikiondolewa. Na mita ikiwa imeunganishwa kupima ampea, gari lisiwashwe kamwe, kwa sababu nguvu ya kuwashia itaiunguza.

Enyi akina mama, si lazima mshike spana. Inatosha kumuuliza fundi maswali matatu kwa adabu: Umepima nini? Umepata namba gani? Fyuzi uliyotia ni ya ampea ngapi? Fundi mwaminifu hatachukia, kwani gari la watu mikononi mwake ni amana. Asiye na jibu msimpe fedha ya betri mpya, kwa kuwa kununua kisichohitajika ni israfu, na ugonjwa wenyewe hubaki pale pale.

Mwenyezi Mungu azihifadhi safari zenu na watoto wenu. Wabillahi tawfiq.