Msimu wa Maltipo

Nina stesheneri Morogoro, karibu na stendi ya Msamvu, na matokeo ya kidato cha sita yakishatoka biashara ya madaftari inakaa pembeni. Wanaojaa hapa ni vijana wa maombi ya vyuo. Mwezi mmoja baadaye wanarudi, safari hii na mzazi nyuma: "Dada, nimepata maltipo." Yaani amechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja.

Tangu 2017 mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja chuoni, na kila chuo huchagua kivyake. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutangaza majina ya waliopata nafasi nyingi, nao hutumiwa namba ya siri kwa meseji au barua pepe ili wathibitishe chuo kimoja tu, kabla ya tarehe iliyotajwa. Kwa hiyo kabla ya ushauri wowote nauliza: laini uliyojaza kwenye fomu ni ya nani, na iko hewani? Nimeshuhudia meseji ikimfikia mjomba aliyeko machimboni Geita, huku mwenye nafasi yake anahangaika hapa dukani.

Kuna msimu alikuja binti wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na baba yake, mkulima wa mpunga Dakawa. Alikuwa amepata agronomia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), ualimu wa sayansi Chuo Kikuu cha Dodoma, na uuguzi katika chuo binafsi cha Dar es Salaam. Mzee alishaamua ni Dar. Mtoto atoke, aone mji. Simlaumu. Aliyeshinda matopeni miaka yote atafurahije bintiye kwenda chuo kikuu kusomea kilimo, tena papo hapo Morogoro?

Nikawafungulia orodha ya masomo ya kila kozi, mwaka kwa mwaka. Watu wengi hawafanyi hivi, wanashindanisha majina ya vyuo tu. Hata jina lenyewe hawalisomi vizuri: ualimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam unaweza kuwa Mkwawa, Iringa, na SUA ina kampasi mpaka Katavi. Binti aliipita orodha ya uuguzi kama anayesoma tangazo la mnada. Kwenye udongo na magonjwa ya mimea akaanza kumwuliza baba yake maswali, na mzee, bila kutaka, akawa anajibu.

Kisha pesa. Majina ya waliopata mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa kawaida hutoka watu wakiwa wameshathibitisha, kwa hiyo kupanga maisha ya Dar kwa bumu, yaani pesa ya mkopo, ambalo halijaingia ni kujitafutia madeni ya mama ntilie. Na bumu lenyewe ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa. Nikawaandikia kwenye karatasi ada, chumba, chakula na nauli kwa kila chuo, safu ya mkopo nikaiacha tupu. Kwa hesabu hiyo SUA ilishinda kwa mbali, maana angelala kwao Kihonda, hapa hapa mjini, na kupanda daladala.

Hapo binti ndiye aliyekataa. Akamgeukia baba yake, akasema kwa adabu lakini bila kupepesa: "Baba, nikilala nyumbani nitasoma saa ngapi? Maji ni mimi, kupika ni mimi, wadogo zangu ni mimi."

Sikuwa nimeliweka hilo kwenye karatasi, na hakuna mwongozo wa udahili utakaokutajia. Mzee alinyamaza, akatoka nje kumpigia mkewe. Waliongea muda mrefu kiasi kwamba nilihudumia wateja wengine wawili. Aliporudi hakuitaja Dar tena. Aliniuliza chumba cha hosteli SUA kinaombwaje, na kama ada yake inaweza kulipwa kidogo kidogo mpaka mpunga uvunwe.