Hitilafu za Basi katika Kompyuta Iliyoongezwa Kasi

Ndani ya kompyuta ya mezani, prosesa, RAM, diski na kadi ya picha huwasiliana kwa njia nyembamba za shaba zinazopita kwenye ubao mama, ambazo kwa jumla huitwa basi, na kila ishara ipitayo humo hulazimika kufika ndani ya muda mfupi mno unaopangwa na mapigo ya saa ya mashine. Mwenye kompyuta anapoyaharakisha mapigo hayo kupita kiwango cha kiwandani, ili michezo au uhariri wa video uende upesi zaidi, muda huo hupungua. Ishara ikichelewa au ikififia, moja husomwa kuwa sifuri, na prosesa, ambayo hujikagua yenyewe, huandika taarifa ya hitilafu ya basi. Taarifa hiyo huwatisha wengi wakadhani kwamba prosesa imekufa, ilhali katika mashine iliyoongezwa kasi mara nyingi huwa ni dalili tu kwamba mipangilio imevuka uwezo wa vifaa.

Katika Windows, taarifa hizo huhifadhiwa kwenye daftari la matukio la mfumo chini ya jina WHEA-Logger. Namba 18 ni kosa lililoisimamisha mashine, namba 19 ni kosa lililosahihishwa papo hapo bila mtumiaji kuhisi lolote, na namba 17 huhusu zaidi njia ya PCI Express inayobeba kadi ya picha na diski za kisasa. Namba 19 haistahili kupuuzwa kwa sababu tu kompyuta haijazima, kwani ikijirudia huonyesha kwamba njia imefika ukingoni.

Chanzo hutegemea aina ya mashine. Katika prosesa za Intel za kizazi cha Sandy Bridge, zilizotoka mwaka 2011, pigo la msingi la megahezi 100 huendesha pia PCI Express, hivyo kuliongeza kwa megahezi chache tu huweza kuivuruga diski isiyohusika kabisa na haja ya mtumiaji. Katika prosesa za AMD Ryzen zinazotumia RAM ya DDR4, kiungo cha ndani kiitwacho Infinity Fabric kwa kawaida hufuata nusu ya kasi ya RAM: RAM ya 3600 hudai megahezi 1800, na kiungo hicho kikipita 1900 prosesa nyingi huanza kutoa namba 19. Ikumbukwe kwamba kiwango rasmi cha DDR4 huishia 3200, kwa hiyo anayewasha XMP, yaani mpangilio wa BIOS unaoiharakisha RAM, ili RAM yake ifike 3600 tayari ameiongeza kasi kompyuta, hata kama hakukusudia.

Joto nalo huchangia makosa hayo, na kwa wakazi wa Kitale, magharibi mwa Kenya, liko jambo ambalo maelekezo mengi yaliyoandikwa ughaibuni hayaligusi. Mji huo uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 17. Huko Bungoma, kwenye takriban mita 1,400, upungufu ni kama asilimia 13. Feni inayozunguka kwa kasi ileile husukuma hewa yenye uzito mdogo zaidi, ikaondoa joto pungufu. Baridi ya asubuhi ya Kitale huuficha upungufu huo, kisha mchana mashine ikaanza kutoa makosa. Bungoma, penye joto zaidi, nafuu hiyo ya asubuhi ni ndogo. Kwa sababu hiyo, mipangilio iliyonakiliwa kutoka video ya mtu aliye usawa wa bahari haiwezi kuaminiwa kabla ya kupimwa saa nane mchana, kompyuta ikiwa na kazi nzito.

Uchunguzi huanza kwa kurudisha mipangilio yote ya kiwandani kupitia BIOS, XMP ikiwemo. Makosa yakikoma, kasi irudishwe kidogo kidogo, badiliko moja kwa wakati, kwa kuwa anayebadilisha mambo matatu pamoja hatajua lipi lilimponza. Makosa yakiendelea katika kasi ya kiwandani, hapo ndipo vifaa vishukiwe: RAM itolewe, migusano yake isafishwe, na kila kipande kipimwe peke yake kwa programu ya Memtest86, kadi ya picha ichomekwe upya, volti 12 za pawa saplai, kwenye waya wa njano, zipimwe zisishuke chini ya 11.4 wala kuzidi 12.6 mashine inapofanya kazi. Kompyuta nyingi za ofisi zinazouzwa zikiwa zimetumika haziruhusu kabisa kuongezwa kasi, hivyo kwazo uchunguzi uanzie kwenye vifaa moja kwa moja.

Kuongeza volteji ili kuyanyamazisha makosa kuwe hatua ya mwisho, kwani huongeza joto lile lile lililoleta taabu. Aliye na hesabu za biashara au picha za harusi za wateja kwenye mashine inayotoa makosa haya azinakili kwenye diski nyingine na kuirudisha kompyuta kwenye kasi ya kiwandani leo, maana faili iliyohifadhiwa ikiwa na kosa haitengemai kwa kuwasha mashine upya.