Mieleka ya Memphis: Mapambano Yasiyo na Mfano

Waliofuata kipindi cha mieleka cha Raw enzi za mtangazaji Jim Ross wanamkumbuka Jerry Lawler kama mtangazaji mropokaji mwenye taji kichwani. Kabla ya hapo, mjini Memphis, jimbo la Tennessee, alikuwa ndiye mieleka yenyewe. Kila Jumamosi asubuhi kituo cha WMC, Chaneli 5, kilirusha mbashara dakika 90 kutoka studio yake, Lance Russell akitangaza pamoja na Dave Brown, ambaye pia alikuwa mtabiri wa hali ya hewa wa kituo hicho. Jumatatu usiku watu walilipa kiingilio Mid-South Coliseum kuona ugomvi wa Jumamosi ukimalizwa. Fedha zilikuwa chache, na naamini ndiyo maana ubunifu ulikuwa mwingi.

Pambano la pekee kuliko yote halikuwa na shabiki hata mmoja. Aprili 1981, Terry Funk wa Texas, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa NWA, alilalamika kwamba Memphis hatendewi haki: marefa ni wa Lawler, mashabiki ni wa Lawler. Akataka wakutane Coliseum peke yao, na ikawa hivyo. Maelfu ya viti vitupu, Russell na kipaza sauti chake, kamera, basi. Funk anaingia akitukana, na kila tusi linagonga kuta na kurudi. Lawler anakuja na taji na joho kana kwamba ukumbi umefurika. Kishindo cha mwili kwenye mbao za ulingo, ambacho siku nyingine humezwa na kelele, hapa unakisikia kilivyo. Mwishoni Funk anashika kipande cha mbao chenye ncha ili amtoboe mwenzake jicho. Lawler anaupiga teke ule mkono, na ncha inamgeukia Funk mwenyewe. Anagaagaa akililia jicho lake. Hakuna wa kushangilia wala wa kuzomea, na wewe mtazamaji unabaki huna pa kujificha.

Kwa vurugu, taji ni la Tupelo, Mississippi, mji alikozaliwa Elvis. Tarehe 15 Juni 1979 Lawler na mwenzake Bill Dundee walipoteza mikanda yao ya ubingwa kwa Wayne Ferris na Larry Latham, lakini kipigo hakikuishia ulingoni. Kilihamia kwenye kibanda cha vitafunio, kamera ikiwafuata, mitungi ya haradali ikirushwa na kupasuka, sakafu ikiteleza, damu na haradali vikichanganyika hadi hujui kipi ni kipi. Mapigano mengi ya leo ya nje ya ulingo ni wajukuu wa usiku ule. Ferris ndiye baadaye aliyeitwa Honky Tonk Man, akashikilia mkanda wa Intercontinental wa WWF kwa siku 454, rekodi iliyodumu hadi Gunther alipoivunja mwaka 2023.

Lililovuma zaidi ni la 5 Aprili 1982, Lawler dhidi ya mchekeshaji Andy Kaufman wa kipindi cha televisheni cha Taxi. Kama mieleka lilikuwa jepesi: Lawler alimgeuza kichwa chini, akamkita ulingoni kwa pigo lililopigwa marufuku, akapoteza kwa kuvunja kanuni. Sifa yake ni siri, kwamba yote yalikuwa maigizo. Julai Lawler alimzaba Kaufman kofi kwenye kipindi cha David Letterman, na Kaufman alifariki mwaka 1984 watu wengi wakiamini uhasama ule ulikuwa wa kweli.

Kichapo kilichouma kuliko vyote kilikuja 27 Aprili 1987. Lawler aliweka rehani nywele zake dhidi ya Austin Idol ndani ya kizimba cha waya. Mwanamieleka Tommy Rich, aliyejificha chini ya ulingo kwa saa kadhaa, akachomoza kumsaidia Idol. Lawler, Mfalme wa Memphis, akanyolewa mbele ya watu wake, nao wakawa karibu kuzusha ghasia. Mwaka uliofuata, 9 Mei 1988, aliwafuta machozi palepale Memphis kwa kumvua Curt Hennig mkanda wa dunia wa AWA.

Tuzo yangu kubwa, hata hivyo, haiendi kwa mwanamieleka. Inakwenda kwa Lance Russell, aliyefariki mwaka 2017 akiwa na miaka 91. Aliyaona hayo yote akayaeleza kwa sauti ya mtu mzima anayeheshimu wasikilizaji wake. Ukitafuta pambano moja tu, anza na lile la ukumbi mtupu, na usizime sauti.